Miguu ya Unyoya

Cantù, 11 Januari 1954

Mdogo wangu Ermete,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula, na umevaa ile fulana ya sufu niliyokutumia Krismasi, maana nakujua, umeshaifanya kitambaa cha kufutia meza ya kuchorea. Sisi huku tupo. Theluji imefika kwenye dirisha la karakana, kuku wawili wamekufa kwa baridi, na Don Callisto padri wetu aliteleza kwenye ngazi za kanisa. Hakuvunjika. Kwa unene ule alidunda tu. Baba anakusalimu.

Sasa tuje kwenye huu mchoro wako wa nne wa kiti. Nimeutazama asubuhi, nikautazama tena baada ya kula, nikaugeuza juu chini nikidhani labda nimeushika vibaya. Miguu yenye unene wa milimita kumi na saba! Mpini wa ufagio wangu una ishirini na nne, na hakuna mtu anayeukalia. Mchoro wa kwanza ulikuwa na ishirini na mbili, wa pili ishirini, wa tatu kumi na tisa. Ukiendelea hivi, kufikia Pasaka utatuletea kiti kisicho na miguu kabisa, tukitundike hewani kwa sala.

Najua utaniambia habari za Maonyesho ya samani ya mwezi Mei. Najua jina lako lote linakitegemea kiti hiki, umeandika hivyo mara sita, mara mbili kwa wino mwekundu. Na karakana inakitegemea vilevile, maana tangu watu waanze kununua makabati ya kiwandani, benchi tatu kati ya tano hazina kazi ila kufuga vumbi. Kwa hiyo kitatengenezwa. Lakini ungekuja Jumapili moja tukazungumza huku mbao ziko mbele yetu. Kwa treni ni mwendo wa saa moja tu. Njoo.

Dada yako,
Delfina


Milano, 19 Januari 1954

Dada Delfina,

Fulana ninayo mwilini na inawasha kama upupu, ahsante sana. Huku ni ukungu tu. Mwenye nyumba wangu, Bi Ottolina, anapika kabichi kila siku ya Mungu, na michoro yangu yote inanuka kabichi. Ile nyumba ya ghorofa sita niliyoichora karibu na stesheni imekwisha. Wapangaji wameingia wiki iliyopita, na wiki hiyohiyo wametundika nguo kwenye baraza zangu, mpaka suruali za ndani. Nilizichora baraza zile miezi minane ili kivuli kianguke sawasawa. Sitaki kuzungumza habari hiyo.

Kiti. Dada, nakuomba usinifundishe ufagio. Viti vya huko kwetu Brianza ni kama ng'ombe, ukitaka kukihamisha kimoja uite wanaume wawili. Watu siku hizi wanaishi vyumba viwili na jiko. Mimi nataka kiti ambacho bibi kizee atakiinua kwa kidole kimoja afagie chini yake, kisha akirudishe bila kuita mtu. Nimekipa jina Unyoya. Nimejenga nyumba, nimechora taa, vitasa vya milango, hata bomba la kunawia la hoteli moja. Vyote vitasahauliwa. Kiti kizuri hakisahauliki, na mimi nina miaka thelathini na saba.

Na mbona Baba hajaandika kitu? Tangu nimalize chuo, kila mchoro unarudi na matusi yake pembeni kwa ile penseli yake bapa. Safari hii umerudi mweupe. Amekasirika? Mwambie kumi na saba ni kumi na saba. Mwambie afanye kama siku zote, yeye anajua.

Jumapili siwezi. Wala ile nyingine.

Ermete


Cantù, 4 Februari 1954

Mdogo wangu Ermete,

Tumeshukuru kusikia u mzima na unanuka kabichi. Jirani yetu amechinja nguruwe, nimekuwekea soseji mbili. Baba hakuandika kwa sababu mkono wa kulia unamsumbua kwa baridi hii. Anakaa karibu na jiko. Wewe usijali.

Kiti kimekwisha. Mbao ni ile nyeupe ya mti wa frasino, imekauka miaka sita, kikalio kimesukwa kwa nyasi za ziwani. Kumi na saba uliyoandika ndiyo kumi na saba utakayopata, imepimwa mara tatu.

Sasa, unajua desturi ya karakana. Hakuna kiti kinachotoka mlangoni kabla Don Callisto hajakikalia akasali Baba Yetu yote, mwanzo hadi amina, huku anajibembeza. Amevikalia viti vyetu miaka ishirini na hajawahi kuacha sala katikati. Jumanne alikaa, akaanza vizuri. Alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku kiti kikaguna. Akaikatiza sala. Akainuka polepole, mikono magotini, akasema, "Delfina mwanangu, mimi nampenda Mungu, lakini kumwona sina haraka."

Amina ilibidi aisemee kwenye benchi. Ermete, pale juu ya mguu, mbao zinapoungana, pana njaa. Nipe ruhusa ya kunenepesha hapo tu. Hakuna atakayeona. Nakitia kwenye lori la Jumatano ili ukishike mwenyewe, lakini usimkalishe mtu.

Na uje. Nakuomba kwa mara ya pili. Baba angefurahi.

Delfina


Milano, 20 Februari 1954

Dada yangu, Delfina wangu,

Salamu kwa wote, kwa Don Callisto, kwa nguruwe wa jirani! Kimefika!

Nilikitoa kwenye magunia peke yangu. Nikakiinua kwa kidole. Kidole cha mwisho, Delfina! Nilikuwa nimekiwazia chembamba, na hiki ni chembamba kuliko nilivyokiwaza. Nilibaki nimesimama nacho katikati ya chumba kama mtu aliyeletewa mtoto. Nimekiweka dirishani, kila anayeingia ofisini anakiinua na kucheka. Bwana mmoja wa gazeti la samani amekuja mara mbili.

Nataka kukuambia jambo, umfikishie Baba kama lilivyo. Baba amenielewa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Miaka yote tumekuwa tukivutana, mimi huku na yeye kule, na sasa bila ugomvi, bila hata tusi moja pembeni, amenipa nilichokuwa nacho kichwani. Nililia kidogo. Hilo usimwambie.

Habari za kunenepesha tuziache. Don Callisto ni padri, si fundi. Nataka viti kumi na viwili kufikia mwisho wa Machi. Msiongeze hata unywele.

Ermete

N.B. Soseji nilizipata. Jumapili bado siwezi.


Cantù, 3 Machi 1954

Ermete,

Sisi hatujambo. Theluji imeanza kuyeyuka, karakana inavuja pembeni.

Viti kumi na viwili vitaondoka na lori la tarehe 31. Umesema Baba amekuelewa. Haya. Nimemsomea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huku hatutii maji, tunatia kumi na saba kama ulivyoamuru.

Ninarudia, na hii ni mara ya mwisho: pale juu pana njaa. Nimesema.

Baba hajambo kiasi chake.

Delfina


Milano, 8 Aprili 1954

Dada Delfina,

Mimi mzima, ukiondoa heshima yangu. Wasalimie wote.

Jana kamati ya Maonyesho ilipita kukagua. Mwenyekiti wao ni Komendatore Vergottini, mtu wa kilo mia na kumi, mwenye saa ya mnyororo. Alimzunguka Unyoya mara mbili, akamwinua kwa kidole, akatabasamu. "Longhini," akasema, "hii ni hewa iliyoota miguu." Nikainama kushukuru. Nilipoinuka, yeye alikuwa anakaa. Mguu wa mbele wa kushoto ukalia ta! Mwenyekiti akawa sakafuni, miguu juu, saa inaning'inia sikioni. Wanasema aliye juu mngoje chini, lakini mimi sikuwa nimemngoja kabisa. Walimnyanyua watu wanne. Aliponyooka akaniuliza kwa upole, ule upole unaokata maini, "Na nyumba zako nazo hufanya hivi?"

Wamenipa mpaka tarehe moja Mei. Nisipoleta kiti kitakachomkalisha Vergottini, nafasi yangu anapewa mtu wa Torino mwenye sofa la mpira, na habari itazunguka Milano yote. Imeshaanza kuzunguka. Leo mwuza kahawa ameniuliza kama nataka kusimama au kukaa, na wenzake wakacheka.

Nimepima miguu yote. Kumi na saba. Kumi na saba. Kumi na saba kavu! Kwa nini? Naona hata wewe hujui, basi nikuambie. Mwaka 1939, kiti changu cha kwanza, cha chumba cha kungojea cha daktari wa meno, nilichora thelathini kikaja na thelathini na mbili. Nikapiga kelele. Baba akasema, "Nyinyi wa Milano mnapima kwa wino. Randa yangu inakula mbao." Kabati la vyombo la wakili, vivyo hivyo. Meza za shule ya watoto, vivyo hivyo. Nikachoka kugombana. Nikawa napunguza mbili kabla sijatuma, yeye anaongeza mbili, tunakutana pale ninapotaka, na hatujawahi kulitamka. Nikitaka kumi na tisa naandika kumi na saba. Yeye anajua! Na safari hii, safari moja katika miaka kumi na mitano, ndiyo ameamua kutii!

Mwulize ananikomoa kwa nini. Kama ni kwa sababu sikuja Krismasi, aseme. Kama hasemi, Meda kuna karakana nyingi, na mafundi wake wanajibu barua.

Ermete


Cantù, 10 Aprili 1954

Ermete,

Salamu zitangoja leo.

Baba hakutii. Baba hakukomoi. Baba hajakigusa kiti chako hata kwa ncha ya kidole. Tarehe 3 Novemba, siku moja baada ya kuwaombea marehemu, alianguka mbele ya benchi na randa mkononi. Ni kiharusi. Upande wote wa kulia umekufa. Kati ya maneno yote aliyokuwa nayo, na unajua alikuwa nayo mengi na mengine machafu, amebakiwa na moja: bado. Ukimwuliza ameshiba, bado. Don Callisto akimwuliza kama yuko tayari kuungama, bado.

Wiki ile nilikaa mezani nikuandikie. Akaupiga wino kwa mkono wa kushoto ukamwagika mpaka kwenye aproni yangu. Mara ya pili vilevile. Hakutaka ujue kabla ya Maonyesho yako. Mficha maradhi kifo humwumbua, nilimwambia hivyo. Akanijibu bado. Basi nikawa nakuandikia njoo, njoo, nikidhani mtu mwenye akili ataelewa. Akili nyingi huondoa maarifa.

Kiti nimekitengeneza mimi. Na vile kumi na viwili, mimi. Unadhani nilikuwa nikifanya nini kwenye ile karakana wakati wa vita, nilipoachwa mjane na wewe uko Milano na diploma yako? Nilikuwa nikifagia?

Sasa sikiliza. Uliandika kumi na saba, nikafikiri unataka kumi na saba. Mikono yangu ilikataa. Nilikuandikia mara mbili kwamba pana njaa, ukaniambia hata unywele. Nikasema huyu amesoma, ana cheti chenye muhuri, Baba aliranda makabati arobaini ili akipate. Nikakuamini. Hilo ndilo kosa langu kwenye kiti chako, jingine sijafanya. Kumbe unaandika uongo na kungoja Baba aunyooshe!

Siku niliyosoma kwamba Baba amekuelewa kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa nimesimama, mikono imejaa gundi. Nilikaa chini nikalia. Kwa furaha au kwa hasira, mpaka leo sijui.

Nitakutengenezea vingine. Sitaki shukrani, wala soseji usilipe. Nataka kitu kimoja. Kwenye kadi ya Maonyesho, chini ya jina lako, liandikwe jina la aliyekitengeneza: Delfina Longhini, Cantù. Nina miaka arobaini na mitano na sijawahi kuliona jina langu likiwa limepigwa chapa popote, hata kwenye tangazo la harusi walikosea wakaandika la shangazi.

Sasa niletee kipimo cha kweli.

Delfina


Milano, 12 Aprili 1954

Dada yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mbusu Baba. Mbusu upande anaousikia.

Sina kipimo cha kweli. Nilidhani ninacho. Nilisema kumi na tisa, rahisi. Jana jioni nikaenda kwa yule daktari wa meno, nikamwomba kile kiti cha 1939, nikakipima mahali ishirini. Si mbili, Delfina. Hapa moja, pale tatu, chini hakuna kilichoongezwa kabisa. Baba hakuwa anaongeza mbili. Alikuwa anaranda mpaka anaridhika. Miaka kumi na mitano nilidhani tunacheza mchezo wa watu wawili, kumbe nacheza peke yangu.

Nina hasira na wewe kwa kunificha. Nina hasira zaidi na mimi, lakini ya kwako nimeitaja kwanza kwa sababu ni nyepesi kuiandika. Miezi mitano! Na mimi niliandika kwamba Baba ananikomoa.

Nakuja Alhamisi Kuu kwa treni ya saa nne asubuhi. Kadi itaandikwa jina lako. Naapa kwa kaburi la Mama.

Ermete


Milano, 22 Aprili 1954

Dada Delfina,

Nimefika salama. Mayai ya Pasaka uliyonifungia yamevunjika mfukoni, na koti sasa linanuka kuliko kabichi ya Bi Ottolina. Bado nasikia lile kofi ulilonipiga mlangoni. Soseji zako nazo bado nazisikia tumboni.

Kuna jambo sikukuambia Jumatatu, kwa sababu ulikuwa umenipa mgongo unakoroga ugali wa polenta na ulikuwa hujanisamehe. Nilimwekea Baba miguu mapajani, ile tuliyoikata pamoja: wa kumi na nane, wa kumi na tisa, wa ishirini, wa ishirini na moja. Akaupitishia kila mmoja kidole gumba cha kushoto. "Bado," akautupa sakafuni. "Bado." Mwingine chini. Niliokota, nikampa tena, akaitupa tena, nikaanza kumfokea mzee mgonjwa mbele ya jiko lake, Mungu anisamehe. Nikamwambia, sasa unataka nini? Nyuma ya mlango wa stoo palikuwa na mguu umesimama, nikadhani ni takataka ya kuwashia moto. Nikamtupia kwa hasira tu.

Akaupitishia gumba juu. Akashuka nao taratibu mpaka chini. Akarudi juu. Nilingoja aseme bado. Hakusema, Delfina. Aliuweka kifuani akafumba macho, na ilibidi nimnyang'anye alipopitiwa na usingizi.

Niliupima ndani ya treni, watu wananitazama. Juu, pale mbao zinapoungana, ishirini. Chini kumi na nne. Ukiutazama kwa mbali ni mwembamba kuliko wangu. Hakuna mchoro wangu hata mmoja wenye mguu huu, wala mimi nisingeweza kuuchora, kwa sababu haubadiliki sawasawa, una tumbo dogo ambalo jicho halioni na kidole kinaona. Uliuranda lini? Kwa ruhusa ya nani?

Naurudisha na lori. Tengeneza hivyo, vyote. Nimeibembeleza kamati, wamekubali wiki moja zaidi ya ile tarehe moja. Kadi nimeshaiandika kwa mkono wangu.

Ermete


Milano, 10 Mei 1954

Dada Delfina,

Salamu kwako, kwa Baba, kwa Cantù nzima!

Amekaa! Jumamosi, siku ya ufunguzi, mbele ya watu mia mbili. Vergottini alikuja na katibu wake kumshika mkono, akateremka taratibu kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mguu haukulia. Akangoja. Akajibembeza. Akakunja nne. Kisha akaagiza kahawa! Dakika ishirini hakuinuka, na mtu wa Torino alikuwa amesimama kando ya sofa lake la mpira hakuna anayemtazama. Tumepewa medali ya fedha. Hoteli moja ya Como imeagiza viti mia tatu kabla ya Julai. Gazeti limeandika kurasa mbili, nakutumia.

Kuhusu kadi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Kabla hajakaa, Vergottini aliniuliza mbele ya wote, "Safari hii nani amekitengeneza?" Kadi yenye jina lako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimtazama usoni, nikaikumbuka miguu yake hewani, nikajua nikimwambia mwanamke hatakaa. Nikasema, Baba. Akasema, "Aa, mzee Egidio, huyo fundi," akakaa. Wakaandika Karakana ya Egidio Longhini. Ukitazama vizuri ni jina lako pia. Na Baba naye anastahili, katika hali yake. Tutarekebisha mara nyingine, jina likishakomaa.

Wewe unaielewa biashara. Ungefanya nini mahali pangu?

Ermete


Milano, 8 Juni 1954

Dada,

Hujambo? Baba hajambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu, zile mbili sikuzisikia zilikotua. Hoteli inaniuliza viti viko wapi. Nimepiga simu kwenye duka la tumbaku hapo kwenu, mwenye duka akaniambia, "Dada yako anasema ana kazi," akakata. Ana kazi! Na mimi nacheza?

Tafadhali, hata mstari mmoja.

Ermete


Cantù, 27 Juni 1954

Mdogo wangu Ermete,

Sisi wazima, na tunakuombea uzima. Cheri zimeiva mpaka zinaoza chini, Don Callisto amekula kilo tatu akalala siku mbili. Baba sasa anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Karakana imejaa. Benchi zote tano zina watu, wawili kati yao ni wajane kama mimi waliojifunza wakati wa vita, na wanaranda vizuri kuliko watu wako wa Meda. Don Callisto amevikalia viti vyote mia tatu, kumi kwa siku, amina mia tatu. Anasema hajawahi kusali hivi tangu seminari.

Uliniuliza ningefanya nini mahali pako. Nimelifikiria swali hilo wiki sita, kwenye randa, kwenye msasa, kanisani. Ningeitoa kadi mfukoni. Ndiyo jibu langu. Inawezekana asingekaa. Basi ningekaa mimi mbele yake, na angeona. Mimi na wewe tulikuwa na saa moja tu ya treni kati yetu, Ermete, ungeweza hata kuniita nije.

Nilimsomea Baba lile gazeti. Nilipofika kwenye "mikono mahiri ya mzee Egidio," akasema bado. Nikadhani anataka niendelee. Nikaendelea. Bado, bado, bado, anapiga ukurasa kwa kiganja mpaka mate yanamtoka. Baba hajawahi kuninyang'anya kitu. Gazeti alininyang'anya, akalitupa jikoni kwenye moto, habari za medali yako na picha yako na kurasa zote mbili. Kisha akaushika mkono wangu, huu wa kulia, akauinua, akawa ananionyesha mimi mwenyewe, kana kwamba sikuwahi kuuona. Nililia mbele yake bila aibu.

Kesho yake nilikwenda kwa mhunzi akanitengenezea chuma chenye herufi. Nimekichoma kwenye makaa na kupiga viti vyote: DELFINA LONGHINI, CANTÙ. Ni maneno madogo, hayazidi kucha mbili. Yako upande wa ndani wa mguu wa mbele wa kushoto, juu kabisa, pale mbao zinapoungana. Komendatore hatayaona mpaka aanguke tena, na safari hii haanguki.

Lori linaondoka Jumatano, litapita kwako kabla ya kwenda Como. Najua utaweka mikono kichwani. Ukitaka kulifuta jina langu, sikuzuii, randa unayo na viti ni vya agizo lako. Lakini chuma kilikuwa cha moto na nilikikandamiza. Limeingia milimita mbili. Zitoe hizo mbili, kisha mkaribishe mgeni akae.

Dada yako,
Delfina Longhini